Swali Zuri Hutoka Katika Kazi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome karatasi hii polepole baada ya kipindi, kisha wanafunzi wajibu maswali yaliyo mwishoni.

Hamjambo, wanafunzi wa Msasani, pale Tukuyu, na wa madarasa mengine yote ya Wilaya ya Rungwe. Natumaini mmekwisha kaa, kalamu ziko tayari, na mvua haipigi bati kwa nguvu hata msisikie redio.

Leo tutajifunza historia ya maswali. Tutatazama maswali waliyoulizwa watu walipoomba kazi ya kutunga programu za kompyuta, tangu mwaka 1945 hadi siku zetu. Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu, mimi nimejifunza kusoma mwaka huu tu. Mambo ya kompyuta yanihusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Fikiri juu ya chama cha wakulima wa chai. Majani yako hupimwa, kilo huandikwa, na mwisho wa mwezi unalipwa. Zamani yote yaliandikwa kwa kalamu katika daftari. Siku hizi, mahali pengi, hesabu kama hizo huingizwa katika kompyuta. Basi, kompyuta haifikiri kama mtu. Hufuata maagizo iliyopewa, moja baada ya jingine. Maagizo hayo ndiyo yaitwayo programu, na mtu anayeyaandika ni mtunga programu. Akiandika agizo baya, kompyuta italifuata bila kuchoka wala kuona haya, na kila mkulima atapunjwa. Na ni nani atakayemchagua mtu huyo? Ni kamati ya wanachama. Yaani ni jirani yako, au ni wewe mwenyewe.

Msidhani kwamba hatari hii ni ya kuwaziwa tu. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi zaidi ya 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu, kwa sababu programu iliyoitwa Horizon ilionyesha kwamba fedha zimepungua. Baadaye ikathibitika kwamba programu yenyewe ilikuwa na makosa. Wengine walikwisha fungwa, wengine walikwisha filisika. Mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufuta hukumu nyingi za namna hiyo. Makosa hayakuwa ya watunga programu peke yao, kwa kuwa wakubwa nao walikataa kusikia malalamiko. Lakini mmeona jinsi agizo baya ndani ya mashine linavyoweza kumpeleka mtu mwema gerezani.

Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kumchagua mtunga programu. Tuanze na watu wa kwanza kabisa.

Swali la umeme

Mwaka 1945, wakati wa vita vikuu vya pili, Jeshi la Marekani lilikuwa likijenga mashine kubwa ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Mashine hiyo iliitwa ENIAC. Ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, ikajaza chumba kizima. Siku zile neno kompyuta lilikuwa bado ni jina la mtu, maana yake mtu anayefanya hesabu kwa kazi. Wanawake wengi waliajiriwa huko kukokotoa hesabu za mizinga. Kati yao wakachaguliwa sita wa kuipangia mashine kazi zake. Majina yao ni Jean Jennings, Betty Snyder, Kay McNulty, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman.

Jean Jennings ameeleza jinsi alivyohojiwa. Afisa mmoja wa jeshi, Herman Goldstine, alimwuliza ana maoni gani juu ya umeme. Yeye akaanza kueleza kanuni ya umeme aliyojifunza chuoni. Goldstine akamkatiza, akasema hakukusudia hivyo. Alitaka kujua kama anauogopa. Msichana akajibu kwamba hauogopi.

Tusicheke. Tuutazame ubora wa swali hilo. Kuipangia ENIAC kazi kulikuwa ni kuchomeka nyaya na kugeuza swichi nyingi sana kwa mikono. Mwoga wa umeme asingeweza kuifanya kazi ile. Basi swali lilikuwa fupi, lakini lilitoka katika kazi yenyewe. Mashine ilipoonyeshwa kwa watu mwezi wa Februari 1946, wasichana wale ndio waliokuwa wameipanga ili ionyeshe uwezo wake, ingawa kwa miaka mingi majina yao hayakutangazwa.

Wauza chai wa London

Sasa twende London, kwenye kampuni ya vyakula iliyoitwa J. Lyons. Kampuni hiyo ilikuwa na maduka mengi ya kunywea chai, na viwanda vya mikate na keki. Watu hao wa chai ndio waliojenga kompyuta ya kwanza duniani kufanya hesabu za biashara kila siku. Iliitwa LEO, ikaanza kazi hiyo mwezi wa Novemba 1951 kwa kupiga hesabu za mikate.

Wangepata wapi watunga programu, hali kazi hiyo ilikuwa bado haijulikani? Hawakuweza kuuliza, "Una uzoefu wa miaka mingapi?" kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye uzoefu. Walifanya jambo la busara. Waliwaita wafanyakazi wao wenyewe, wakawapa mafunzo mafupi juu ya mashine na mazoezi ya kufanya, kisha wakatazama ni nani anayeelewa. Mwaka 1952 mmoja wa waliofaulu alikuwa mwanamke, Mary Coombs. Chuoni alisoma lugha ya Kifaransa. Kama Lyons wangeuliza tu, "Una cheti cha hisabati?" wangemkosa mtu aliyewatumikia vema. Lakini walimpa kazi kidogo, wakaona anaiweza.

Mtihani wa mafumbo

Baada ya hapo kompyuta zikaongezeka upesi, na watu wa kuzitungia programu wakawa adimu. Mwaka 1955 kampuni ya IBM ya Marekani ikatoa mtihani wa kupima nani anafaa. Ulikuwa na mafungu ya tarakimu, picha za kulinganisha, na hesabu za maneno. Hebu tujaribu swali la namna hiyo. Andikeni: 3, 6, 12, 24. Je, tarakimu ifuatayo ni ipi? Mwalimu, nyamaza kidogo, waache wafikiri.

Vema. Ni 48, kwa maana kila tarakimu ni mara mbili ya ile iliyotangulia.

Kampuni nyingi ziliupenda mtihani wa namna hii, kwa sababu ni rahisi kuusahihisha na huwapima watu wengi kwa siku moja. Lakini katika miaka ya 1960 watafiti walilinganisha alama za mitihani hiyo na kazi iliyofanywa baadaye. Mara nyingi waliona kwamba mwenye alama nyingi hufaulu vizuri katika masomo ya kompyuta, lakini haikuwa hakika kwamba atakuwa mfanyakazi bora mbele ya msimamizi wake. Kujibu fumbo ni kazi moja. Kutunga programu itakayotumiwa na makarani miaka mitano ni kazi nyingine.

Mtu asiyependa watu

Likafuata kosa kubwa zaidi. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa saikolojia huko Marekani, William Cannon na Dallis Perry, walitaka kujua mtunga programu ni mtu wa tabia gani. Wakawauliza watunga programu 1,378, na kati yao wanawake walikuwa 186 tu. Wakatoa habari kwamba watu hao hupenda mafumbo, na kwamba hawapendi sana kushughulika na watu.

Maneno hayo yakaenea. Waajiri wakaanza kumtafuta mtu wa namna hiyo: mwanamume, mpweke, mpenda mafumbo. Mmeona mtego uliopo hapa? Ukiwachagua watu wa tabia moja tu, kesho ukiwahesabu utawakuta wana tabia hiyo moja, nawe utasema, "Kumbe ndivyo walivyo!" Ni kama mtu anayepanda migomba tu shambani mwake, kisha akasema kwamba udongo wa Rungwe hauoti kitu kingine.

Wakati huohuo Uingereza alikuwako mama mmoja aliyetenda kinyume. Jina lake ni Stephanie Shirley. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya kutunga programu, akawaajiri hasa wanawake waliokuwa wameacha kazi kwa ajili ya kulea watoto, wakafanya kazi nyumbani kwao. Barua za biashara alipozitia sahihi kwa jina la Stephanie hazikujibiwa vizuri. Alipoandika Steve, ambalo ni jina la kiume, akaanza kujibiwa. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu. Watu wake ndio waliotunga programu ya kinasa habari cha ndege ya Concorde. Waajiri wengine walikuwa wakiuliza, "Je, umeolewa? Una watoto?" Kwa maswali hayo waliwaacha mlangoni watu hodari, naye akawaokota.

Hapa kwetu

Turudi nyumbani. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine haikwenda vizuri, ikagharimu fedha nyingi. Watu wenye ujuzi wa mashine hizo nchini walikuwa wachache sana. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka ikapita kabla ya mlango huo kufunguliwa tena.

Historia hiyo yatufundisha kwamba mashine huweza kununuliwa kwa siku moja, lakini mtu wa kuiamuru hapatikani kwa siku moja. Chama kinachonunua kompyuta kwa fedha za wakulima, kisha kikamchukua mtu yeyote kuitungia programu, kimeanza ujenzi kwa paa.

Mafumbo yarudi, kisha yaaibika

Katika miaka ya 1990 kampuni kubwa za Marekani zilipenda tena mafumbo. Mwombaji wa kazi aliulizwa kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya mviringo, au ndege moja itajaa mipira mingapi ya gofu. Lakini mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa mambo ya wafanyakazi katika kampuni ya Google, alisema waziwazi katika gazeti la New York Times kwamba mafumbo hayo ni kupoteza wakati, na kwamba hayabashiri chochote. Kazi yake hasa ni kumfanya mwulizaji ajione mwerevu. Alisema kilichofaa zaidi ni kuwauliza waombaji wote maswali yaleyale, na kuwapima kwa kipimo kimoja.

Wataalamu nao wanakubali. Mwaka 1998 watafiti wawili, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya uchunguzi wa miaka 85 juu ya namna za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022 wengine wakazipiga upya hesabu za namna hiyo, wakabadili mpangilio. Lakini mambo mawili yalibaki karibu na juu mara zote mbili: kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye, na usaili uliopangwa, yaani maswali mamoja kwa wote. Wauza chai wa London hawakuwa mbali na njia hiyo mwaka 1952.

Kamati kazini

Sasa tuseme chama chenu kinatafuta mtunga programu wa hesabu za chai, nawe umechaguliwa katika kamati ya usaili. Usiogope. Lugha ya kompyuta huijui, lakini kazi ya chai waijua kuliko yule kijana atakayeketi mbele yako. Maswali yako yatoke huko.

Kwanza, mpe kazi ndogo ya kweli. Mwambie: "Mkulima ameleta kilo 18, kisha 22, kisha 15. Tuseme bei ni shilingi 400 kwa kilo, naye anadaiwa shilingi 5,000 za mbolea. Tuandikie kwa Kiswahili hatua ambazo kompyuta itafuata ili ijue alipwe kiasi gani." Ninyi piga hesabu hiyo kabla ya siku ya usaili. Kilo ni 55. Fedha ni shilingi 22,000. Ukitoa deni, zabaki 17,000.

Pili, mwulize yatakayotokea mambo yakiharibika, kwa kuwa nyakati hizo ndizo mkulima hupunjwa. Wakulima wawili wenye jina moja watatofautishwaje? Karani akiandika kilo 180 badala ya 18, kompyuta itafanya nini? Umeme ukikatika katikati ya kupima, kilo zilizokwisha andikwa zitapotea? Deni likizidi malipo ya mwezi, je? Mtunga programu mzuri hatakasirika kwa maswali haya. Atakuuliza na yeye: "Kwa kawaida ninyi hufanyaje?" Akiuliza hivyo, mpe alama. Amejua kwamba kazi ni yenu.

Tatu, mpe maagizo yenye kosa alitafute. Andikeni hivi: "Jumlisha kilo. Toa deni. Zidisha kwa bei." Kosa liko wapi? Ninyi wenyewe mwaweza kuliona. Huwezi kutoa shilingi katika kilo. Ni lazima kuzidisha kwa bei kwanza, ndipo utoe deni. Kutafuta kosa katika maagizo ni sehemu kubwa ya kazi yake ya kila siku.

Nne, mwulize habari za kazi aliyokwisha fanya. "Programu gani yako iliwahi kuharibika? Uligunduaje? Ulifanya nini?" Anayesema kwamba hajaharibikiwa kamwe, huenda hajatunga programu nyingi, au hasemi kweli.

Tano, mwambie aeleze yote hayo kwa maneno ambayo mwanachama wa kawaida atayaelewa. Msipoelewa, semeni kwamba hamkuelewa. Kuuliza si ujinga. Mtu asiyeweza kuwaeleza leo, kesho atawaambia tu, "Kompyuta ndivyo inavyosema," nanyi mmekwisha sikia yaliyowapata watu wa posta.

Ujuzi wa lugha za kompyuta nao upimwe, kwa kuwa kueleza vizuri peke yake hakutoshi. Kwa sehemu hiyo mwombeni mwalimu wa kompyuta asiyekuwa ndugu wa mwombaji yeyote akae nanyi. Tena zoezi liwe fupi. Mkitaka kazi ya siku nzima, mlipeni. Si haki kuchuma chai ya mtu bila malipo.

Yako na mambo ya kufuata katika alama. Andikeni maswali na majibu mnayoyatarajia kabla mwombaji wa kwanza hajaingia. Waulizeni wote maswali yaleyale, kwa muda uleule. Kila mjumbe aandike alama zake kwenye karatasi yake kabla ya kuzungumza na wenziwe, ili sauti ya mwenyekiti isizimeze sauti nyingine. Na ikiwa mwombaji mmoja ni mtoto au mpwa wa mjumbe, mjumbe huyo atoke nje.

Mwisho, msiulize yasiyohusu kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, hata kwa mtu anayeomba kazi tu. Kabila lake, dini yake, jinsia yake, kama ameoa au ameolewa, kama ana mimba, ulemavu wake, hayo si mambo ya kumnyimia mtu kazi. Kama wewe ni mjumbe, na mwenzako akimwuliza binti, "Utaolewa lini?" unayo haki ya kusema, "Ndugu, swali hilo halimo katika karatasi yetu."

Ndugu wasikilizaji, tangu swali la umeme la mwaka 1945 tumeona jambo moja. Swali linapotoka katika kazi, humpata mfanyakazi. Linapotoka katika majivuno ya mwulizaji, humpata mtu anayefanana na mwulizaji. Ninyi mnaoijua kazi ya chai, ndizi, viazi na maziwa mnayo maswali mazuri tayari. Yaliyobaki ni kuyaandika, na kuandika sasa mwajua. Kwaherini hadi kipindi kijacho.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini swali la umeme lilifaa mwaka 1945, na kwa nini halingefaa leo?
2. Kampuni ya Lyons ilimpataje Mary Coombs? Cheti peke yake kingemwonyesha?
3. Andikeni hatua za kumlipa mfugaji aliyeleta maziwa lita 6 asubuhi na lita 4 jioni. Tumieni bei mnayoijua. Kisha kila mmoja ataje jambo moja linaloweza kuharibu hesabu hiyo.
4. Chagueni wajumbe watatu wa kamati na mwombaji mmoja, mwigize usaili. Darasa lisikilize, liseme ni swali gani lililotoka katika kazi na ni lipi halikutoka.

Maneno ya kukumbuka

Programu: maagizo yanayofuatwa na kompyuta.
Mtunga programu: mtu anayeandika maagizo hayo.
Usaili: kumhoji mtu anayeomba kazi ili kujua kama anafaa.
Kubashiri: kusema mapema jambo litakalotokea.